Kamba ya Kasuku

Kuku mgeni hakosi kamba mguuni. Methali hii sisi watu wa Usangi hatuna haja ya kufafanuliwa. Kuku aliyenunuliwa gulioni, akifika nyumbani, hufungwa kamba siku kadhaa, mpaka aujue mlango wa kuingilia jioni na mkono umwagao mahindi asubuhi. Akisha kuyajua hayo, kamba hukatwa, naye hutembea atakako. Hapana aionaye kamba ile kuwa ukatili, maana sote twajua sababu yake, tena twajua ya kuwa ina mwisho.

Lakini liko swali lililo gumu kuliko hili la kuku. Wako watu, mijini na hata vijijini, wafugao kasuku. Ndege huyu hafugwi kwa mayai wala kwa nyama; hufugwa kwa kupendwa tu. Na mtu ampendaye hutaka kumtoa nje apate jua na hewa safi. Hapo ndipo shida inapoanza, kwa kuwa kasuku ana mbawa. Wengine humkata manyoya ya mbawa asiweze kuruka. Wengine humweka tunduni siku zote za maisha yake. Wengine humchukua begani bila kifungo cho chote, wakitumaini ya kuwa mapenzi yatamrudisha. Na wengine humfunga kamba. Je, katika hao wanne, ni nani atendaye haki? Twapenda kulifikiri neno hili pamoja na wasomaji wetu, maana twaona ya kuwa halikomei kwa ndege.

Kwanza yafaa tujue kuruka ni nini kwa kasuku. Mtu aweza kudhani ya kuwa mbawa ni kama pambo, au kama baiskeli, ambayo mwenyewe akiikosa atakwenda kwa miguu. Sivyo. Mwili wote wa ndege umeundwa kwa ajili ya kuruka. Mifupa yake mingi ina uwazi ndani ili iwe myepesi. Mapafu yake yameunganishwa na mifuko ya hewa iliyoenea mwilini. Na ile nyama nene ya kidari, ambayo kila aliyemchinja ndege ameiona, ndiyo nguvu ya mbawa. Kasuku wa kijivu, ambaye makao yake ni misitu kutoka Afrika ya Magharibi kupita Kongo hata Uganda na magharibi ya Kenya, hutoka kwa makundi asubuhi kwenda kutafuta matunda mbali, na jioni makundi hurudi pamoja kulala mitini. Hata chini ya milima yetu, katika nyika ya Mkomazi, wako kasuku wadogo, madume yao wenye tumbo la rangi ya machungwa, na anayewaona huwaona wakipita juu kwa kasi, wakipiga kelele. Kuruka kwao ndiko kula kwao, ndiko kukimbia adui, ndiko kukaa na wenzao. Kasuku asiyeruka kamwe moyo wake hudhoofu, nyama za kidari hupungua, na mara nyingi huingiwa na uchovu wa upweke hata akaanza kujing'oa manyoya yake mwenyewe.

Basi na tumsikilize yule akataye mbawa, kwa kuwa si haki kumhukumu mtu kabla hajajitetea. Yeye husema: "Mimi nafanya hivi kwa kumpenda. Afadhali ndege asiyeruka aliye hai, kuliko ndege arukaye aliyeliwa na mwewe. Tena hasikii maumivu." Katika maneno haya iko kweli. Unyoya uliokomaa hauna damu wala hisia. Ni kama ukucha wa mtu. Tena manyoya yaliyokatwa hayapotei milele, maana ndege hupukutisha manyoya ya zamani na kuotesha mapya kwa zamu, na baada ya muda, hata kama ni mwaka, mbawa hurudi.

Walakini iko kweli nyingine. Unyoya mchanga, unaochipua bado, una damu ndani yake, na akataye bila kujua humtia ndege jeraha. Aliyekatwa sana hawezi hata kushuka polepole. Akishtuka huanguka kama jiwe, akaupasua mfupa wa kidari. Aliyekatwa upande mmoja tu huzunguka hewani na kuanguka vibaya zaidi. Kinda aliyekatwa kabla hajajifunza kuruka hukosa mafunzo ya utotoni, na yampasa kujifunza ukubwani kwa shida. Na hatari iliyo kubwa ni hii, ya kuwa mbawa zilizokatwa humdanganya mwenye ndege. Yeye hutoka naye nje bila hofu, akisema, "Huyu haruki." Hajui ya kuwa manyoya mawili matatu yamekwisha kuota upya chini ya yale mengine. Upepo wa mlimani ukivuma, ndege hushtuka, akapiga mbawa, akainuliwa juu ya migomba na kupotea bondeni. Huko anaweza kuruka kiasi cha kupotea, wala hawezi kuruka kiasi cha kujiokoa.

Sasa na tumsikilize yule amwachaye bila kifungo. Yeye husema: "Ndege aliumbwa aruke. Mimi ni nani hata nimfunge?" Maneno haya hupendeza masikioni. Lakini tuulize: je, kasuku wa nyumbani ajua kuruka? Kupanda juu hakuhitaji mafundisho mengi. Hofu peke yake yatosha kumpandisha. Kazi ngumu ni kushuka. Ndege wa msituni hujifunza tangu ujana wake kushuka kutoka tawi refu, kuikadiri nafasi, kuufuata upepo. Ndege wa nyumbani hakupata shule hiyo. Ndiyo maana kasuku waliopotea mara nyingi huonekana juu ya mti mrefu, wakimwona bwana wao chini na kumwita, wasiweze kumshukia. Huko juu yuko mwewe, ambaye sisi tumjuaye kwa vifaranga vyetu hatuna haja ya kuelezwa. Iko njaa, maana hakuna aliyemfundisha kutafuta chakula. Katika milima hii iko baridi na ukungu wa miezi ya Juni na Julai. Tena hana kundi. Hata akilia mchana kutwa katika msitu wa Kindoroko, hapana kasuku wa kijivu wa kumjibu, kwa kuwa si nchi yao. Kumfungulia mlango kiumbe kama huyu na kuita jambo hilo uhuru ni kucheza na maneno. Uhuru wahitaji maarifa, na yule aliyemnyima maarifa hawezi kujitakasa kwa kumfungulia mlango.

Tunakuja kwa kamba. Hapa lazima tuseme kwa uangalifu, maana kamba ya kuku si kamba ya kasuku. Kuku hufungwa mguuni kwa sababu hutembea. Avutapo kamba huvuta kwa nguvu ya hatua zake. Kasuku akishtuka huruka kwa kasi, na kamba ikifika mwisho, mguu ndio upokeao kishindo chote. Mguu wa kasuku ni mwembamba, waweza kuvunjika au kuteguka. Kwa sababu hiyo mnyororo wa mguuni, uliotumika zamani katika nchi nyingi, haufai kabisa. Kifungo kifaacho ni mikanda laini ipitayo shingoni na kifuani, chini ya mbawa, hata mbawa zikabaki wazi na kishindo kikapokelewa na mwili mzima. Kamba yake huwa nyepesi, tena ifaa iwe na sehemu inayovutika kama mpira. Isiwe ndefu, maana kamba ndefu humpa ndege nafasi ya kupata mwendo mkali kabla ya kukatizwa. Ncha ya pili hushikwa na mtu. Haifungwi kwenye mti wala kwenye nguzo, kwa kuwa ndege aliyefungwa mtini na kuachwa ameandaliwa kwa paka na mwewe.

Tena mikanda hiyo haivikwi kwa nguvu. Ndege huonyeshwa kwanza, siku nyingi, ndani ya nyumba, akapewa kitu atamanicho kila aikaribiapo. Baadaye huguswa nayo. Baadaye huvikwa kwa kitambo kidogo. Na akisha kuizoea ndipo hutolewa nje. Wako wanaoizoea kwa siku chache, na wako wanaotaka miezi. Akamataye ndege kwa mabavu na kumvika siku ya kwanza hupata mikanda mwilini, lakini hupoteza imani ya ndege. Na kila watokapo, mikanda hukaguliwa, maana mdomo wa kasuku, uwezao kupasua kokwa gumu, hukata ngozi na uzi bila taabu.

Msomaji atauliza: kama huyu naye amezuiwa, yu bora kwa nini kuliko yule aliyekatwa mbawa? Wote wawili hawawezi kwenda watakako. Twajibu hivi. Tazama kwanza kifungo kinagusa nini. Mkasi huondoa uwezo wenyewe; kamba huuacha uwezo na kuwekea mipaka matumizi yake. Ndege wa kamba hupiga mbawa, huruka hatua chache, hujifunza kutua mkononi. Kesho atakuwa hodari kuliko leo. Ndege wa mkasi kesho atakuwa dhaifu kuliko leo. Kizuizi kimoja humkuza, na kingine humpunguza, ijapokuwa vyote viwili vimeitwa usalama.

Jibu la pili ndilo tuonalo kuwa kubwa zaidi. Kamba ina ncha mbili. Mtu akataye mbawa hufanya kazi ya dakika chache, kisha yeye yu huru mwaka mzima; gharama yote imebaki kwa ndege. Afungaye mlango wa tundu kadhalika huenda zake, akasahau. Lakini ashikaye kamba amejifunga na yeye. Hawezi kuondoka, hawezi kulala, lazima atazame juu kama mwewe yupo, lazima aende ndege aendako kadiri kamba iruhusuvyo. Hapo twapata kipimo cha kuvijua vizuizi vya haki na visivyo vya haki: ni nani alipaye gharama ya usalama? Ikiwa gharama yote humwangukia afungwaye, na afungaye amebaki na raha yake, basi na ajichunguze vizuri mtu huyo. Huenda alilolinda ni starehe yake mwenyewe, akaliita kwa jina la mapenzi.

Wako wasio na nafasi ya kutoka na ndege kila siku, maana mashamba na kazi huwaita. Kwao iko njia nyingine iliyo njema, ndiyo nyumba ya wavu, pana na ndefu kiasi cha ndege kuruka kutoka upande mmoja hata upande wa pili, yenye kivuli, yenye komeo ambalo mdomo wa kasuku hauwezi kulifungua, tena yenye milango miwili, wa pili usifunguliwe kabla wa kwanza haujafungwa. Hapa pia mwenye ndege hulipa, kwa miti na wavu na jasho. Na asiyeweza kulipa kwa kamba wala kwa wavu, twaona ni heri asifuge kabisa. Kasuku wa kijivu huweza kuishi miaka 40 na zaidi chini ya ulinzi wa watu. Amchukuaye amechukua mzigo ambao huenda watoto wake wataurithi.

Lakini kabla ya swali la kamba liko swali lililotangulia: ndege huyu alitoka wapi? Aliyeiba mbuzi hasifiwi kwa kumfunga kwa kamba laini. Kasuku wengi mno walitolewa misituni kwa mitego na ulimbo, na wengi wao walikufa kabla ya kufika kwa mnunuzi. Wataalamu waliochunguza nchi ya Ghana walieleza katika mwaka 2016 ya kuwa kasuku wa kijivu wa nchi ile walikuwa wamepungua kwa sehemu 90 hadi 99 katika kila 100 tangu mwaka 1992. Nchi yetu nayo ina habari yake. Wale kasuku wadogo wa kijani wa Serengeti na nchi iliyo kusini ya Ziwa Viktoria, waitwao kwa jina la Fischer, msafiri Mjerumani, walisafirishwa kwa wingi mno ng'ambo katika miaka ya 1980.

Mataifa yalianza kuliona kosa hilo. Marekani ilitunga sheria ya kuzuia uingizaji wa ndege wa porini katika mwaka 1992; nchi za Umoja wa Ulaya zilisimamisha uingizaji wao mwaka 2005 kwa hofu ya mafua ya ndege, zikaukataza kabisa mwaka 2007. Katika mkutano wa Johannesburg wa mwaka 2016, mataifa yalikubaliana kukataza biashara ya kimataifa ya kasuku wa kijivu waliokamatwa porini. Hapa Tanzania, Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008 yakataza ukatili, na Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009 hairuhusu mtu kukamata mnyama wa porini bila kibali. Basi mtu akiuziwa kasuku njiani kwa siri, ajue ya kuwa kwa fedha yake ameagiza mwingine akamatwe.

Je, waliokwisha kukamatwa wafanyiweje? Katika mwaka 2000 kasuku wa kijivu walionyang'anywa wafanya magendo waliachiliwa katika kisiwa cha Rubondo, ndani ya Ziwa Viktoria, penye msitu na ulinzi wa hifadhi. Ndege wale walikuwa wa porini, nao walipelekwa kundi zima mahali penye miti na chakula chao. Huko ndiko kurudisha kwa akili. Bali ndege aliyelelewa nyumbani tangu kinda, aliye peke yake, deni lake halilipwi kwa kumfukuza. Hulipwa kwa kumtunza vema, asinunuliwe mwingine.

Twasema neno hili halikomei kwa ndege. Kila mzazi anashika kamba. Yuko binti aliyefaulu mtihani, naye akazuiwa kwenda shule ya mbali kwa kuwa baba aogopa mambo ya mjini. Hofu yake si ya bure, maana miji ina mwewe wake. Lakini kumzuia asisome ni kazi ya mkasi; baba hulala usingizi mwema, na binti hulipa gharama kwa maisha yake yote. Yuko na kijana aliyetelemshwa mlima mpaka Mwanga, akapandishwa gari kwenda Dar es Salaam bila ndugu wa kumpokea wala kazi mikononi, na mzee wake husema, "Amekuwa mtu mzima, na ajitafutie." Huyo ni ndege aliyefunguliwa mlango, ajuaye kupanda, asiyejua kushuka. Mzazi wa kamba hufanyaje? Humpeleka mtoto yeye mwenyewe, humtafutia mtu mwaminifu wa kukaa naye, humwandikia, humwuliza, hurefusha kamba mwaka kwa mwaka kadiri ubawa unavyopata nguvu. Ni kazi ya kuchosha, na kuchoka huko ndiko tulikokuita ncha ya pili ya kamba.

Mababu wa Upare waliyajua hayo kwa njia ya maji. Walichimba ndiva, wakayazuia maji ya mlimani usiku ili asubuhi yafunguliwe yaende mifereji mpaka mashambani. Mtu asiyejua angesema maji yamefungwa. Lakini yamezuiwa ili yafike. Yakiachwa yapite ovyo yangepotea, na yakizuiwa daima yangeoza. Tena ndiva haijilindi yenyewe. Wenye maji hutoka alfajiri kuifungua, na huitwa kuizibua tope. Asiyetoka kufanya kazi hiyo hana haki ya kusema ya kuwa ayatunza maji.

Kwa hiyo mtu atakaye kumzuia mwenzake, au mtoto wake, au ndege aliye mikononi mwake, na ajiulize mambo matatu. Je, kizuizi hiki kinauacha uwezo wake, au kinauharibu? Je, mimi nami nimefungwa nacho, au nimebaki huru peke yangu? Je, kina mwisho, au angalau chaweza kurefushwa kadiri anavyojifunza? Kwa kasuku wa nyumbani huenda kamba haitakatwa kamwe, kwa kuwa nchi hii si yake wala kundi lake haliko hapa; lakini kila siku mbawa zake zaweza kufunguliwa hewani kwa salama, naye bwana wake akiwa chini, kamba mkononi, akitazama. Kwa mtoto wa mtu kamba ina siku yake ya kukatwa, nasi tumwandae kwa siku hiyo, maana kila ndege huruka kwa ubawa wake.